Daftari la madeni: shajara ya riwaya isiyo na ramani

Siku ya 1. Maneno 1,140

Nina miswada miwili mfu kwenye kompyuta. Wa kwanza niliupangia sura arobaini kabla sijaandika sentensi hata moja. Nilijua kila kitu, mpaka nani atalia wapi, na nilipofika sura ya kumi na moja nilikuwa kama mtu anayenakili barua aliyokwisha kuituma. Wa pili niliuandika bila mpango wowote, kwa raha isiyo kifani, ukanifia mkononi kwenye maneno elfu thelathini: wahusika tisa, mafumbo chungu nzima, na hakuna aliyejua tunakwenda wapi, mimi nikiwa wa kwanza.

Huu ni wa tatu. Ramani siitaki kwa sababu najijua: nikishaujua mwisho, hamu imekwisha. Lakini kubahatisha nako kumenichosha. Ninachotaka kujaribu safari hii ni kuutafuta msuko wa matukio kwa kuangalia nyuma, katika yale yaliyokwisha kuandikwa, badala ya kuupanga mbele. Nitaandika humu kinachofanya kazi na kinachonivunja moyo.

Nilichonacho leo: Zena, fundi saa, amerithi karakana ya baba yake, Mzee Kassim, ambaye mikono imeanza kutetemeka na hawezi tena kushika bisibisi ndogo. Jioni moja mteja analeta saa ya mfukoni isiyotembea, analipa kabla ya kazi, anakataa stakabadhi, anaondoka akikohoa. Harudi. Basi. Mteja ni nani, sijui.

Siku ya 4. Maneno 4,050

E. L. Doctorow, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alifananisha kuandika riwaya na kuendesha gari usiku: huoni zaidi ya pale taa zinapofika, lakini safari nzima unaweza kuimaliza hivyo hivyo. Sisi tunaoandika bila ramani tunaupenda mfano huu kwa sababu unatuondolea hatia. Mimi nina kinyongo nao kidogo. Dereva wa usiku ana kitu ambacho mimi sina, nacho ni barabara. Kuna watu waliichonga mchana, wakaweka na kona. Taa ninazo. Swali ni nini kiko chini ya magurudumu.

Jibu langu la muda: barabara ni kurasa zilizokwisha kuandikwa. Kurasa hizi kumi na nne zimeshafunga njia fulani na kufungua nyingine, hata kama sikukusudia. Nimempa Zena baba aliye hai, kwa hiyo siwezi kuandika riwaya ya yatima. Nimeweka viti viwili kwenye meza ya kazi, ingawa fundi ni mmoja. Kwa nini viwili? Nilikuwa naandika tu, mkono ukaandika viwili.

Siku ya 9. Maneno 8,200

Nimeanzisha daftari. Ni daftari la kawaida la mistari, na nimeliita daftari la madeni, kwa sababu kila kitu ninachokitaja kwa namna ya kumfanya msomaji akitupie jicho mara ya pili, nimekikopa kwake. Amenipa umakini wake. Siku moja atataka alipwe. Mswada wangu wa pili, nikiufikiria sasa, ulikufa kwa madeni. Nilikopa kila sura na sikuwahi kulipa, mwishowe mwandishi akawa anawakimbia wadai wake mwenyewe.

Safu ni tatu: nini, ukurasa wa ngapi, kimelipwa wapi. Safu ya tatu bado nyeupe. Mpaka sasa:

1. Kiti cha pili kwenye meza ya kazi, uk. 3.
2. Alama ndani ya mfuniko wa saa, uk. 9.
3. Saa imesimama kwenye saa nne na dakika ishirini, uk. 9.
4. Kovu la jirani, uk. 12.
5. Mlango wa nyuma wenye makufuli mawili, uk. 17.
6. Mteja alikataa stakabadhi, uk. 2.

Namba 2 ndiyo inayonisisimua. Mafundi wengi wa zamani, walipokuwa wakiifungua saa kuisafisha, walikwaruza alama ndogo ndani ya mfuniko wa nyuma: herufi, tarehe, wakati mwingine namba ya kazi. Hiyo ni desturi ya kweli ya ufundi huo, na ni zawadi kwa mwandishi: saa iliyokaa miaka sitini inaweza kuwa imebeba maandishi ya mafundi watano wasiojuana. Niliiandika kama pambo. Sasa iko daftarini, na pambo likishaingia daftarini linakuwa deni.

Naandika vitu tu. Mazungumzo yanabadilika mno kwenye rasimu ya kwanza, nikiyaorodhesha nayo nitakesha.

Siku ya 12. Maneno 10,900

Kanuni ndogo ninayoifuata: sifungi kazi ya siku pale tukio linapokwisha, naiacha katikati ya sentensi ambayo mwisho wake naujua. Mwandishi Ernest Hemingway alikuwa akishauri kuacha wakati bado unajua kitakachofuata. Inafaa. Hakuna zaidi ya kusema.

Siku ya 17. Maneno 14,600

Leo nimegundua kwamba Kiswahili kinanibembeleza.

Nilikuwa nasoma upya sura ya nne kwa sababu kitu kilikuwa hakinikai, na sikuona kosa. Hii hapa sehemu yake:

"Zena akafunga karakana, akapanda ngazi, akamkuta baba amelala. Akaketi, akaitoa saa mfukoni, akaitazama. Simu ikalia. Akaipokea, akasikia mtu anakohoa, ikakatika."

Inasomeka. Inatiririka, tena vizuri. Na hapo ndipo penye mtego. Hiyo -ka- ni punda asiyechoka: mpandishe tukio lolote mgongoni, atalifikisha kwa linalofuata. Akafanya, akaenda, ikawa. Lakini -ka- inasema kitu kimoja tu, kwamba hili lilikuja baada ya lile. Haisemi kwa sababu gani. Unaweza kuandika kurasa hamsini za -ka-, msomaji akaelea nazo mpaka mwisho, kisha akafunga kitabu na kujiuliza mbona hakuna kilichotokea. Anayeandika kwa ramani alishawaza sababu kabla hajaandika. Asiye na ramani anaweza kutegemea punda huyu bila kujijua.

Basi nikafanya kipimo ambacho waandishi wa filamu hukitumia, nikakitafsiri kwa hali yangu. Niliandika matukio yote kumi na matatu kwenye karatasi, moja kwa mstari, na kati ya kila mawili nikaweka neno la kuyaunganisha: "halafu", "kwa hiyo" au "lakini". Bila kujionea huruma. Matokeo: viungo kumi na viwili, "halafu" nane, "lakini" tatu, "kwa hiyo" moja.

Nane! Nilitoka nje nikatembea kidogo.

Niliporudi nilianza na ile simu. Tukio la Zena kupanda ngazi na tukio la simu yameungwa na "halafu" tupu. Simu imelia kwa sababu mimi, mwandishi, nilichoka na ukimya. Nikajiuliza: ingekuwa "kwa hiyo", kingetangulia nini? Mteja ameipata wapi namba? Labda Zena alibandika tangazo mlangoni, "Mwenye saa afike au apige namba hii." Kwa hiyo simu ikalia. Sawa, hiyo moja. Na baada ya hapo, "lakini" ingekuwa ipi? Lakini asubuhi tangazo halipo. Nani kalichana? Mlango unatazama ndani ya kiwanja chao. Usiku wanaopita hapo ni wawili tu.

Mzee Kassim kalichana.

Jana nilikuwa na baba mgonjwa wa kuhurumiwa. Leo nina baba mwenye siri, na sikukipata kisa hiki kwa kukaa na kupanga, nilikipata kwa kukarabati kiungo kimoja. Nimekarabati vingine vinne kwa njia hiyo hiyo: viwili kwa kubadilisha mpangilio wa matukio, kimoja kwa kufuta tukio zima (jirani na kovu lake wakiongea kuhusu mvua, hakuna atakayelikumbuka), kimoja kwa kumpa Zena haraka ambayo hakuwa nayo. Zimebaki "halafu" tatu na nimeziacha. Hadithi isiyo na "halafu" hata moja inanuka mashine.

Kuhusu sadfa, nimejiwekea sheria: sadfa ya kumtia mhusika matatani ruksa, ya kumtoa marufuku. Si uvumbuzi wangu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alikwisha kulalamika, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, kuhusu tamthilia zinazofunguliwa fundo na mungu anayeshushwa kwa mashine badala ya fundo kufunguka kutokana na kisa chenyewe.

Siku ya 26. Maneno 22,300

Muhtasari wa kinyumenyume. Ninapomaliza tukio, si kabla, naliandikia mistari mitatu kwenye kadi: nani anataka nini, nini kinamzuia, nini kimebadilika. Rafiki mmoja mwandishi aliniambia huko ni kupanga kwa mlango wa nyuma. Sikubali. Mtu anayepima nyayo zake mchangani hajachora njia ya kesho.

Kadi inachukua dakika tatu na inauma. Kati ya matukio kumi na manane, manne yana mstari wa tatu mtupu. Zena anamtembelea fundi mwenzake, wanazungumza vizuri sana kuhusu springi na mafuta, anarudi nyumbani akiwa vile vile alivyotoka. Nililipenda tukio lile. Bado nalipenda. Nimeliwekea alama nyekundu na sijalifuta, kwa sababu sheria yangu nyingine ni kutofuta matukio mazima kabla rasimu haijafika mwisho. (Ndiyo, lile la mvua nililifuta. Lile halikuwa tukio, lilikuwa usingizi.)

Nimeona jambo jingine kwenye kadi. Katika matukio tisa, anayetaka kitu ni Zena. Katika tisa yaliyobaki, mstari wa kwanza umeandikwa "Zena anashangaa", "Zena anakumbuka", "Zena anasubiri". Kushangaa si kutaka. Mwandishi asiyejua kitakachotokea humfanya mhusika wake naye akae akisubiri kitakachotokea, tunaambukizana. Tangu leo, kabla sijaandika neno la kwanza la tukio, naandika juu ya ukurasa kitu kimoja anachokitaka Zena katika saa ile, hata kama ni usingizi tu.

Siku ya 31. Maneno 26,500

Sifuri leo.

Siku ya 32. Maneno 26,500

Sifuri. Nimepanga rafu ya vitabu kwa rangi.

Siku ya 33. Maneno 26,500

Mark Twain alianza kuandika *Adventures of Huckleberry Finn* mwaka 1876, akakwama, akauweka mswada kando, akaurudia kwa vipindi mpaka kitabu kikatoka Uingereza Desemba 1884 na Marekani mwaka 1885. Alieleza mwenyewe kwamba tangi lake hukauka katikati ya kitabu, na kwamba dawa ni kuacha mpaka lijae tena. Namwamini. Lakini mimi sina miaka minane, na zaidi ya hapo sina hakika kwamba tatizo langu ni tangi.

Kukwama kuko kwa aina mbili na dawa zake zinapingana. Tangi likikauka, pumzika. Ukiwa umepotea njia, kupumzika hakusaidii. Utaamka umepotea vile vile, ila umelala vizuri. Namna yangu ya kutofautisha: najaribu kuandika kitu kingine chochote, barua au ukurasa wa tukio la zamani. Vikitoka kwa urahisi, tangi lina maji. Leo asubuhi nimeandika barua ndefu bila shida. Kwa hiyo nimepotea.

Aliyepotea harudi nyuma hatua moja. Pale unapogonga ukuta si pale ulipokosea. Nilirudi nikisoma mpaka nilipofika ukurasa wa mwisho ambao nakumbuka niliuandika nikitabasamu: matukio matatu kabla ya ukuta, Zena anapotambua kwamba moja ya alama ndani ya mfuniko ni ya baba yake. Baba aliwahi kuitengeneza saa hii, na juzi alisema hajawahi kuiona. Baada ya hapo niliandika nini? Zena anamuuliza baba. Baba anakana. Zena anaudhika. Baba anakohoa. Ukuta.

Nikachukua karatasi, nikaandika mambo kumi ambayo Zena angeweza kufanya badala ya kuuliza. Matatu ya kwanza nayafuta kila mara bila kuyafikiria. Ndiyo yaliyokuja upesi, na yaliyonijia upesi mimi yatamjia upesi msomaji. Ya nne mpaka ya saba yalikuwa ya kuchosha. La nane: Zena anadanganya. Anamwambia baba, "Mwenye saa amekuja kuichukua," na kuificha.

Nililitazama lile la nane kwa muda. Uwongo ni kiwanda cha matukio. Ukweli ukishasemwa umekwisha, lakini uwongo unahitaji mahali pa kuficha, unahitaji uwongo wa pili, unahitaji kukumbukwa. Na baba atafanyaje? Nilianza kuandika ili nijue. Alipumua. Alicheka, akaomba chai, akalala mchana mzima kama mtoto. Mtu hawezi kufurahi kiasi kile kwa saa ya mteja.

Matukio matatu yamekwenda kwenye faili la makapi. Hesabu sasa ni 24,900, na sijawahi kufurahia hasara namna hii.

Siku ya 41. Maneno 34,200

Leo nilisimama na kusema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Ni mwanamke."

Nieleze. Nilikuwa naandika Zena akifungua makufuli mawili ya mlango wa nyuma (deni namba 5). Nikijua tu kwamba lazima kuwe na kitu nyuma ya makufuli, nikaweka sanduku la kazi za zamani, na ndani ya sanduku daftari la mafunzo la mtu aliyewahi kujifunza ufundi pale. Ndipo nikakikumbuka kiti cha pili. Deni namba 1, uk. 3. Mzee Kassim aliwahi kuwa na mwanafunzi! Jina lilikuja lenyewe: Rukia. Na Rukia ndiye aliyeleta saa.

Nikarudi mbio kwenye kurasa za mwanzo nikiwa na hofu kwamba nimeshaandika mteja ni mwanamume. Nimesoma kurasa zote ambamo anatajwa. "Mteja aliinama." "Alikohoa." "Akaiweka saa mezani kwa mkono wa kushoto." Hakuna popote. Lugha nyingine zingenilazimisha kuchagua kwenye sentensi ya kwanza, lakini kiambishi chetu a- hakimuulizi mtu jinsia yake. Kwa maneno elfu thelathini na nne mimi mwenyewe nilimwona mwanamume mwenye koti, kwa sababu saa ya mfukoni ilinielekeza huko, na msomaji naye atamwona huyo huyo. Hakuna aliyemdanganya. Amejidanganya mwenyewe kwa msaada wa sarufi.

Nilikuta sehemu mbili tu zenye kasoro. Ukurasa wa 2 Zena anasema "Karibu, bwana". Ukurasa wa 21 anasema "yule jamaa". Ya kwanza imekuwa "Karibu". Ya pili imekuwa "yule mtu". Dakika tano.

Kazi ya kweli ni nyingine. Inajulikana sana kwamba J. R. R. Tolkien, mwandishi wa *The Lord of the Rings*, katika barua yake ya mwaka 1955 kwa mshairi W. H. Auden, alisema mgeni anayeketi pembeni katika nyumba ya wageni kitabuni humo alimshtua, na kwamba yeye mwenyewe hakujua huyo ni nani, kama vile mhusika wake Frodo asivyojua. Tunapenda kuirudia habari hiyo kama muujiza. Hatusemi sana kilichofuata. Katika rasimu za awali mgeni huyo aliitwa Trotter, alikuwa hobiti (mmoja wa watu wafupi wa kubuni wa Tolkien) mwenye viatu vya mbao. Kumfanya mfalme aliyejificha kulidai kuandika upya mara nyingi. Kitabu kilianzwa Desemba 1937 na kuchapishwa mwaka 1954 na 1955. Ugunduzi ulikuwa wa dakika moja, ankara yake ikalipwa kwa miaka.

Ankara yangu ni ndogo zaidi lakini ipo. Ikiwa Rukia alijifunza hapa, yaliyokwaruzwa ndani ya mfuniko ni ya nani? Nimeandika mara nne kwamba Zena hutumia alama ya baba yake, ameirithi pamoja na karakana na anaionea fahari. Itakuwaje kama alama ile haikuwa ya baba tangu awali? Kama fundi hodari alikuwa mwanafunzi, na mwalimu akaziuza kazi zake kwa jina lake mwenyewe, kisha mwanafunzi akaondoka na alama ikabaki?

Mikono inatetemeka, na si ya Mzee Kassim.

Siku ya 43. Maneno 35,800

Sirudi nyuma kurekebisha. Kila badiliko linaloihusu Rukia naliandika ndani ya mabano ya mraba pale nilipo: [REKEBISHA uk. 30: Zena asimsifu baba kwa ile saa ya ukutani], kisha naendelea kana kwamba limesharekebishwa. Nikirudi kurasa thelathini kila ninapogundua kitu, rasimu hii itakuwa na mwanzo mzuri wa milele. "Bwana" nilimwondoa kwa sababu nilishindwa kulala.

Siku ya 55. Maneno 46,700

Kosa la ghali. Katikati ya riwaya palianza kulegea, na nikakumbuka anayosimulia Stephen King katika *On Writing*, kitabu cha mwaka 2000: akiwa amekwama kwenye riwaya yake *The Stand* baada ya kurasa zaidi ya mia tano, alijiokoa kwa bomu lililofichwa kabatini, likaua baadhi ya wahusika, hadithi ikapata njia. Nikasema na mimi niwe na bomu. Nikaichoma karakana.

Maneno 2,300 ya moto. Moshi, majirani, Zena akilia barabarani. Uandishi mzuri kabisa, nathubutu kusema. Kisha nikafungua daftari kuandika madeni mapya, nikaona kwamba moto umeteketeza sanduku, daftari la Rukia, kiti cha pili na mlango wa nyuma. Nilikuwa nachoma hati za madeni yangu nikijidai naongeza kisa.

Nadhani tofauti ni hii. Bomu la King liliwaondoa watu, likawaacha waliobaki na la kufanya. Moto wangu uliwaondolea wote la kufanya. Tangu sasa balaa lolote nitaliuliza: linaongeza madeni au linayafuta? Likiyafuta, ni mwandishi anayetoroka.

Moto nimeutoa. Kilichouziba ulegevu ni kitu kidogo sana: Mzee Kassim anaikuta saa pale Zena alipoificha, na hasemi neno. Anaitia ufunguo tu, kila asubuhi, kwa mikono yake inayotetemeka, na kuirudisha. Zena anaikuta inatembea.

Siku ya 63. Maneno 54,900

Hesabu ya daftari. Madeni yote 31. Yaliyolipwa 20. Sita nimeyasamehe, maana yake nitayafuta kwenye kurasa husika ili msomaji asijue alinikopesha. Kovu la jirani ni mojawapo, na jirani mwenyewe huenda akaondoka nalo. Yamebaki matano.

Sikutarajia kwamba daftari lingenionyesha mwisho. Nimeyapanga matano haya kwa umri, na kiti cha pili ndicho kikongwe kuliko yote. Sanduku limeeleza kilikuwa cha nani, lakini kueleza si kulipa: bado kipo pale mezani na hakuna aliyekikalia. Deni la zamani kuliko yote likilipwa mwisho, msomaji anahisi mlango umefungwa hata kama hajui kwa nini. Kwa hiyo tukio la mwisho litakuwa na mtu kwenye kiti cha pili. Nani? Rukia hawezi, kikohozi kile hakikuwa cha mchezo. Sasa najua sentensi moja ya mwisho wangu na hamu haijakwisha. Labda nilichokuwa nakichukia miaka yote ni kuujua mwisho mapema mno.

Siku ya 78. Maneno 66,300

Rasimu imefika mwisho saa tano usiku. Mzee Kassim ndiye anayeketi kwenye kiti cha pili, kile cha mwanafunzi. Zena anafungua mfuniko, anaichukua sindano ya kukwaruzia, na haweki alama ile aliyoirithi.

Nimepima viungo vya riwaya nzima: "halafu" kumi na moja kati ya sitini na moja.

Siku ya 85

Msomaji wangu wa kwanza amemaliza. Hakumshuku mteja mpaka sanduku lilipofunguliwa, na aliniapiza kwa furaha. Ameuliza swali moja: mbona saa ilisimama saa nne na dakika ishirini? Deni namba 3, lililobaki peke yake daftarini. Nilimwambia nitalifuta, saa ni lazima isimame mahali fulani.

Usiku nilifungua ukurasa wa 9 ili nilifute, kisha nikaona heri nianze ukurasa wa 1 nione kama nimelitaja kabla. Sikulitaja. Lakini ukurasa wa 2, mistari miwili chini ya pale nilipomwondoa "bwana", Zena anamuuliza mteja saa ilisimama lini. Nimelipita jibu lile labda mara kumi. Halikuingia daftarini kwa sababu niliorodhesha vitu tu, na hili lilikuwa neno la mtu. Nimechora safu ya nne, na kesho naanza kusoma mswada wote upya nikitafuta waliyoyasema.

32. "Haikusimama. Niliisimamisha mimi." Uk. 2.